Jinsi ya Kusimba Taarifa Ili Mwenzako Aweze Kuifungua

Nilipoanza kazi ya ukatibu katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Busia, upande wa Uganda, nilitangaza kwa mdomo kwamba mkutano ungefanyika Jumatano. Siku hiyo tulikaa watu tisa chini ya mwembe tukiwangoja wenzetu mpaka kivuli kikatuhama, na tulipotawanyika tulikuwa tumekwisha kupitisha kwamba waliokosekana watozwe faini. Ijumaa yake watu sita walifika mahali pale pale na vitabu vyao vya akiba mkononi, wakakuta mbuzi wa jirani tu. Hakuna kati yao aliyepuuza tangazo. Walilisikia neno lile lile nililolisema, wakalihifadhi, kisha wakalifungua kwa ufunguo waliokuwa nao.

Neno Jumatano lina tano ndani yake. Mswahili huanza kuhesabu siku Jumamosi, ndiyo maana tano yake huangukia katikati ya wiki ya kazi. Mganda huanza Jumatatu, na siku yake ya tano, Lwakutaano, ndiyo Ijumaa. Baina yao ipo Alhamisi, ambayo jina lake nalo limetokana na tano ya Kiarabu inayohesabiwa kuanzia Jumapili. Kwa hiyo tunazo siku tatu zinazofuatana, na kila moja inadai kuwa ya tano kwa hesabu ya wenyewe. Katika mji wa mpakani ambako Msamia, Mteso, Mganda na mfanyabiashara kutoka ng'ambo huelewana kwa Kiswahili walichojifunzia sokoni, tangazo langu lilikuwa limekwisha kuharibika kabla sijafunga mdomo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayebeba taarifa za watu wengine, awe katibu wa kikundi, mweka hazina, mwalimu wa darasa au mhudumu wa afya wa kijiji. Nitatumia mifano ya kikundi kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, lakini kanuni zake ni zile zile.

Anza na atakayefungua

Kusimba taarifa ni kuitoa katika umbo moja na kuitia katika umbo jingine linaloweza kuhifadhiwa au kusafirishwa. Kusimbua ni kuirudisha katika umbo linaloeleweka. Na utaratibu unaounganisha maumbo hayo mawili huitwa msimbo. (Simba, mnyama wa mbuga ya Murchison, hahusiki hapa, ingawa wanachama wetu wanne walinicheka nilipolitumia neno hili kwa mara ya kwanza.) Ubongo husimba sura ya mtu na kiasi alicholipa, ulimi husimba wazo kuwa sauti, na simu husimba herufi kuwa namba. Vitu hivi vitatu hufanya kazi kwa njia tofauti sana, lakini vyote huharibikia mahali pamoja, yaani pale msimbaji anapofikiria jinsi ya kuingiza taarifa bila kufikiria jinsi itakavyotolewa.

Kwa hiyo, kabla hujaikariri, hujaitamka wala hujaiandika taarifa yoyote, jiulize ni nani atakayeifungua, ataifungua lini, na wakati huo atakuwa na nini mkononi au kichwani. Mara nyingi mfunguaji ni wewe mwenyewe baada ya miezi mitatu, na huyo ni mtu unayepaswa kumwandikia kwa uangalifu kuliko mgeni, kwa sababu unamwamini kupita kiasi.

Kuhifadhi kichwani

Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba kurudiarudia namba mdomoni ni kuihifadhi. Mwaka 1953, nchini Marekani, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi H.M. tu alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, na madaktari wakaondoa sehemu za ubongo zilizobeba hipokampasi, inayohusika na kuhifadhi kumbukumbu, pande zote mbili. Baada ya hapo aliweza kuzungumza vizuri, aliyakumbuka mengi ya utotoni, na aliweza kushika namba kwa dakika kadhaa kama alikuwa akiirudia. Lakini mara tu mawazo yake yalipovutwa kando, namba ilitoweka, na hata tendo la kuambiwa namba lilitoweka nalo. Wanasayansi walijifunza kutokana na hali yake kwamba kushika kwa muda na kuhifadhi kwa muda mrefu ni kazi mbili tofauti. Mweka hazina anayetembea kutoka kwa wakala wa pesa za simu hadi nyumbani huku akinong'ona «elfu themanini na tano, elfu themanini na tano» anashika, bado hajahifadhi. Akisalimiwa na jirani njiani, mambo yamekwisha.

Ili uhifadhi, kwanza panga taarifa katika mafungu, kama muuza nyanya anavyofanya. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kwamba mtu huweza kushika kwa wakati mmoja vitu saba hivi, viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi upya akaona kwamba, mtu akizuiwa kurudiarudia na kupanga mafungu, uwezo wenyewe ni kama vitu vinne. Jambo la kufurahisha ni kwamba «kitu» hapa ni fungu, hata likiwa na nyanya kumi ndani yake. Chukua namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, ambayo ina herufi na tarakimu 14. Ukiitazama kama vitu 14, imekushinda. Lakini herufi ya kwanza C huonyesha kwamba mwenye kitambulisho ni raia, herufi ya pili ni M kwa mwanamume au F kwa mwanamke, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Ukijua kwamba unayemwandikisha ni mama raia aliyezaliwa mwaka 1987, CF87 unayo tayari bila kukariri chochote, na kumi zilizobaki unaweza kuzigawa katika mafungu matatu.

Pili, tafuta maana hata mahali ambapo taarifa inaonekana haina maana. Katika jaribio la mwaka 1975, Fergus Craik na Endel Tulving waliwaonyesha watu maneno na kuwauliza maswali ya aina tofauti: kama neno limeandikwa kwa herufi kubwa, kama lina vina na neno jingine, au kama linafaa katika sentensi fulani. Maneno yaliyowalazimisha kufikiria maana yalikumbukwa vizuri zaidi kuliko yale waliyotazama umbo la herufi zake tu, ingawa hakuna aliyeambiwa kwamba angeulizwa baadaye. Sisi Waganda, Waacholi, Walango na wengine wa nchi hii tuna bahati katika jambo hili, kwa sababu majina yetu mengi ni misimbo iliyokwisha kutengenezwa na wazee. Anayeitwa Kato ni pacha mdogo wa kiume, kwa hiyo alikuwapo Wasswa au Babirye aliyemtangulia. Nakato ni pacha mdogo wa kike. Opio na Ocen ni pacha wa kwanza na wa pili upande wa kaskazini. Na Kizza ni mtoto aliyewafuata mapacha. Unapomwandikisha mwanachama mpya, muulize habari za jina lake. Dakika moja ya mazungumzo hayo itaokoa aibu ya kumwita kwa jina la dada yake mwaka mzima.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, andaa kidokezo ambacho kitakuwapo wakati wa kukumbuka. Mwaka 1973 Tulving na Donald Thomson walionyesha kwamba kidokezo husaidia kwa kadiri kilivyofungamanishwa na taarifa wakati ilipokuwa inahifadhiwa. Kidokezo kizuri kilichokuja baadaye tu hakisaidii sana. Maana yake kwa katibu ni hii: ukitaka kukumbuka kuchukua muhuri Jumamosi asubuhi, usiuhusishe na wazo la «mkutano», kwa kuwa asubuhi hiyo utakuwa ukifikiria chai na watoto. Uhusishe na kitu ambacho mkono wako utakigusa bila kukosa, kama kufuli la mlango, na ufanye hivyo kwa picha: muhuri umening'inia kwenye kufuli, nalo linagoma kufunga. Picha ikiwa ya kichekesho, hakuna aliyekukataza.

Nne, jipime badala ya kusoma tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885 baada ya kujifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, aligundua kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza ilikuwa imepotea, baada ya siku moja ilibaki karibu theluthi, na baada ya mwezi karibu moja ya tano. Usahaulifu basi huja mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Dawa yake ni kuikumbuka taarifa kwa vipindi vinavyorefuka: jioni ile ile, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Na kukumbuka maana yake ni kufunga daftari na kujiuliza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma andiko tena na wengine waliojaribu kuliandika kwa kumbukumbu. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele, lakini baada ya wiki waliojipima waliwaacha nyuma. Kusoma tena hudanganya kwa sababu humpa mtu hisia ya kujua.

Lipo onyo moja la kutia hapa kabla ya kuendelea. Kichwa hakitunzi picha ya tukio. Kila mara hulijenga upya, na vifaa vya ujenzi huchukuliwa pia kutoka kwa anayeuliza. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi cha upole. Kwa hiyo panapotokea ubishi juu ya malipo, usimwambie mwanachama, «Ulilipa elfu ishirini, au sivyo?» Muulize, «Ulilipa kiasi gani, na ulimpa nani?» Kisha unyamaze.

Kupeleka kwa mdomo

Kila ukoo wa Buganda una mubala wake, yaani mdundo wa ngoma unaofuata maneno maalumu, na aliyekulia katika ukoo huo huusikia mdundo na kuyasikia maneno ndani yake ingawa ngoma haina ulimi. Mdundo wa gwanga mujje ulifanya kazi kama hiyo kwa jamii nzima: watu waliposikia, walijua kwamba wanaitwa watoke. Ngoma hizi zinafaa kwa sababu msikilizaji anao ufunguo tangu utotoni. Lakini ngoma ikitaka kusema jambo lisilotarajiwa, inahitaji msaada zaidi. Walokele wa kando ya mto Kongo, karibu na Kisangani, walipiga ngoma zilizofuata kidatu cha maneno, cha juu au cha chini, na kwa kuwa maneno mengi yana kidatu kimoja, neno la mwezi na neno la kuku yaliweza kusikika sawasawa kabisa. Mpiga ngoma alitatua tatizo hilo kwa kuongeza maneno: hakupiga «mwezi» peke yake, alipiga «mwezi unaoitazama dunia», na kwa kurefusha akaondoa utata.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati katika maabara za Bell nchini Marekani, aliliweka jambo hili katika hesabu. Alionyesha kwamba hata njia ya mawasiliano ikiwa na kelele, ziada iliyowekwa kwa akili katika ujumbe humwezesha mpokeaji kurekebisha kile ambacho kelele imekiharibu. Neno la kuzingatia ni «kwa akili». Kusema «Jumatano, Jumatano, nasema Jumatano» ni ziada isiyosaidia, kwa kuwa kosa likiwa ndani ya neno lenyewe unalirudia mara tatu. Ziada yenye manufaa hupitia msimbo mwingine. Siku hizi tangazo langu husema: «Jumatano, tarehe 12, kesho kutwa, Lwakusatu.» Hapo kuna majina mawili ya siku, namba ya kalenda na hesabu ya kuanzia leo. Mtu akipotoka kwenye moja, nyingine humrudisha njiani. Angalia pia kwamba Lwakusatu, yaani Jumatano, ina tatu ndani yake, na tatu hiyo ni mtego mwingine kwa anayeifahamu Jumatatu.

Saa ina mtego wake. Kiswahili na Luganda huhesabu saa kuanzia macheo, kwa hiyo saa nne ya asubuhi ni saa nne kwa wote wawili, lakini simu iliyo mfukoni mwao huonyesha 10:00. Kwa mdomo taja saa kwa Kiswahili na uongeze kipindi cha siku. Kwa maandishi andika zote mbili, «saa 4 asubuhi, simu ikionyesha 10:00». Tofauti huwa ni sita daima, na asiyeweza kuikokotoa asilaumiwe, maana katibu ndiye anayelipwa posho ya kukokotoa, kama ipo.

Fedha zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Usemi «elfu mia mbili» unaweza kuwa 200,000 au 1,200, ikitegemea msikilizaji ameweka kituo wapi. Mbali na mpaka muktadha huokoa, kwa sababu hakuna anayeitisha mkutano kwa shilingi 1,200 za Uganda. Hapa Busia, ambako shilingi za Kenya hupita mkononi kila siku, viwango vyote viwili vina mantiki. Sema «laki mbili» unapokusudia 200,000, sema «elfu moja na mia mbili» unapokusudia 1,200, na usiitaje namba ya fedha bila nchi yake. Kwenye karatasi tumia herufi tatu zinazotambulika kimataifa, UGX kwa shilingi ya Uganda na KES kwa ya Kenya, mbele ya kila kiasi bila kuchoka.

Unapolazimika kutaja herufi kwa simu, kwa mfano za NIN, kumbuka kwamba B, D, P na T husikika kama ndugu wa tumbo moja, na kwamba kwa wengi wetu L na R hubadilishana, kwa kuwa Luganda huandika r baada ya e na i tu na kwingineko huandika l. Marubani hutumia alfabeti yao ya Alfa, Bravo na kuendelea. Sisi tunayo miji na wilaya: A ya Arua, B ya Busia, D ya Dokolo, G ya Gulu, H ya Hoima, K ya Kampala, L ya Lira, M ya Mbale, N ya Nebbi, P ya Pallisa, R ya Rakai, S ya Soroti, T ya Tororo, Y ya Yumbe, Z ya Zombo. Zilizobaki jazeni wenyewe katika kikundi chenu, muziandike nyuma ya daftari, na mkubaliane kutozibadilisha.

Hatimaye mtake mpokeaji akurudishie ujumbe. «Umeelewa?» ni swali ambalo kila Mganda mwenye adabu atalijibu «ndiyo, ssebo». Sema badala yake, «Naomba unirudishie, nisije nikawa nimekosea mimi.» Kwa maneno hayo lawama inakuwa juu yako, heshima yake inabaki, na wewe unapata kusikia alichokifungua.

Kuandika kwenye simu na kompyuta

Ndani ya simu hakuna herufi. Kuna hali mbili tu, ambazo tunaziandika 0 na 1, na kila moja huitwa biti. Biti nane ni baiti. Herufi K kubwa, kwa mujibu wa orodha ya ASCII iliyotolewa mwaka 1963, ni namba 75, nayo kwa biti ni 01001011, yaani 64 na 8 na 2 na 1. Orodha hiyo ilikuwa na nafasi 128 tu, ikatosha kwa Kiingereza na, kwa bahati, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Haikutosha kwa Luganda, ambayo ina herufi ŋ kama ilivyo katika eŋŋoma, ngoma. Herufi hiyo ilipata makao katika orodha pana ya Unicode, na katika usimbaji wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huchukua baiti mbili.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka linapofika kwenye salio lako. Ujumbe mfupi wa simu hubeba baiti 140, sawa na biti 1,120. Herufi za kawaida za mfumo wa simu huchukua biti saba kila moja, ndiyo maana ujumbe mmoja una nafasi 160. Lakini ukiingiza hata herufi moja isiyokuwamo katika orodha ya simu, ujumbe wote hubadilishwa kuwa wa biti 16 kwa herufi, na nafasi zinabaki 70. Herufi ŋ haimo. Alama ya kunukuu iliyopinda ambayo simu nyingi hujiwekea zenyewe haimo. Vikaragosi vya kucheka na kulia havimo. Tangazo la herufi 150 lenye ŋ moja hukatwa vipande vitatu, kwa sababu ujumbe mrefu hulazimika pia kubeba maelezo ya kuviunganisha vipande, na kila kipande hubaki na nafasi 67. Ukiwatumia wanachama 40, unalipia jumbe 120 badala ya 40. Kwa ujumbe mfupi, basi, andika ng' kwa alama iliyonyooka. Eŋŋoma yenye sura yake kamili itunze kwa ajili ya karatasi na WhatsApp. Inaniuma kidogo kuandika hivyo, lakini fedha ni za wanachama.

Unapohamisha orodha kutoka simu moja au kompyuta moja kwenda nyingine, matatizo mengine hujitokeza. Ukiona eŋŋoma imegeuka kuwa eÅ‹Å‹oma, usiifute wala usianze kuichapa upya: data ni nzima, ila programu imezifungua baiti zile mbili kana kwamba ni herufi mbili za orodha ya zamani. Funga faili bila kuhifadhi, lifungue tena, na uchague UTF-8. Namba za simu nazo zina adui yake. Excel, programu ya majedwali, ikiona 077 mwanzoni huichukulia kama namba ya kuhesabia, ikatupa sifuri. Na namba yenye tarakimu zaidi ya 15, kama ya kadi ya benki, hubadilishiwa tarakimu za mwisho kuwa sifuri, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani na halirudishiki. Kabla ya kuingiza chochote, chagua safu nzima na uitangaze kuwa ni maandishi. Tarehe ziandike kwa kuanzia na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-04-03, ili asiwepo wa kujiuliza kama ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi.

Namba za wanachama zinastahili kupewa tarakimu ya uhakiki, ambayo ni ziada ya Walokele katika vazi la hesabu. Utaratibu unaotumika sana ulibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1950, na unaweza kuufanya kwa kalamu. Chukua namba 2573. Anzia kulia: 3 izidishe kwa mbili upate 6, 7 iache ilivyo, 5 izidishe kwa mbili upate 10, na kwa kuwa jibu lina tarakimu mbili, zijumlishe upate 1, 2 iache. Jumla ni 16. Ili ifike 20 inahitaji 4, kwa hiyo namba ya mwanachama inakuwa 25734. Sasa mtu akiharakisha na kuandika 25374, hesabu ile ile itampa 11, akiongeza 4 anapata 15, na kwa kuwa 15 haigawanyiki kwa kumi, namba imejishtaki yenyewe. Utaratibu huu hunasa kila kosa la tarakimu moja na karibu kila kosa la kupindua tarakimu mbili jirani, isipokuwa 09 ikigeuzwa 90. Simu yako yenyewe inao: bonyeza *#06# uone namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo tarakimu yake ya mwisho imepatikana kwa hesabu hii.

Picha za kurasa za daftari zitume kama hati, si kama picha. Programu za ujumbe huzibana picha kwa kutupa maelezo ambayo jicho halitayakosa katika uso wa mtoto wa shangazi, lakini katika ukurasa wa hesabu maelezo hayo hayo ndiyo yanayotenganisha 3 na 8.

Kazi ya mwisho ni kupima, na haipimwi na aliyesimba. Mkabidhi naibu katibu daftari, faili na orodha ya herufi, umwombe aeleze mkutano wa mwaka jana ulikubaliana nini, nani alikopa kiasi gani, na deni lilipaswa kulipwa lini. Wewe kaa kando na usimsaidie hata kwa macho. Kila atakapouliza swali, liandike ndani ya jalada la daftari pamoja na jibu lake, kwa kuwa hapo ndipo ulipouacha ufunguo kichwani mwako. Kwetu yalikuwa maswali saba, na la kwanza lilikuwa, «Hizi elfu tano ni za Uganda au za Kenya?»